Maktaba yako ya programu imepata watumiaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Uliandika maktaba, yaani msimbo (maandishi ya programu) ambao programu nyingine zinaweza kuutumia, kwa shida zako mwenyewe, ukaiweka hadharani pengine bila kufikiri sana, na sasa watu usiowajua wanaitumia ndani ya programu zao. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi na wenzangu waliofikia hatua hiyo. Mimi nimetunza maktaba ndogo ya kusoma tarehe kwa miaka kadhaa, na makosa mengi ninayoyataja hapa nimeyafanya kwa mikono yangu.

Nitajuaje kama kweli ina watumiaji?

Hesabu ya upakuaji isikudanganye. Sehemu kubwa ya namba hizo huwa ni mashine: kila mradi fulani unapofanyiwa majaribio ya kiotomatiki, seva inaweza kupakua vifurushi vyote upya, na timu ya watu watatu ikakupandishia hesabu ukadhani umepata umati. Dalili ya kuaminika ni lalamiko. Asiyetumia kitu chako hana sababu ya kukasirika kikiharibika, kwa hiyo ujumbe wa kwanza wa hasira upokee kwa mikono miwili.

Leseni ni lazima? Si nimeshaiweka wazi kila mtu aione?

Kuona si kuruhusiwa. Katika nchi nyingi hakimiliki huanza papo hapo unapoandika, bila kusajili chochote, na usipotamka vingine haki zote zinabaki kwako. Kampuni yenye mwanasheria makini haitaigusa maktaba isiyo na leseni. Asiye na mwanasheria ataitumia na kujitia hatarini bila kujua.

Kwa maktaba ndogo mimi huchagua leseni ya MIT. Ni fupi, na inamruhusu mtumiaji karibu kila kitu mradi abakize tamko la hakimiliki na la leseni. Apache 2.0 ni ndefu zaidi, lakini inagusia waziwazi haki za hataza (haki za mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake), jambo ambalo MIT hailitaji. GPL inamtaka anayesambaza programu iliyojengwa juu ya kazi yako aitoe kwa masharti yaleyale. Ni msimamo wa heshima, ila kwenye maktaba utawakimbiza baadhi ya watu, ndiyo maana kuna LGPL iliyolegezwa kwa ajili ya maktaba.

Amua mapema. Ukishapokea michango ya watu ishirini, kubadilisha leseni kunaweza kukulazimu umtafute kila mmoja wao akubali, na wapo ambao anwani zao za baruapepe zilishakufa.

Nambari za matoleo zina maana gani? Si naongeza moja tu kila ninapotoa?

Utaratibu ulioenea ni wa nambari tatu zilizotenganishwa kwa nukta, tuseme 2.4.1. Ya mwisho hupanda ukirekebisha hitilafu bila kugusa kingine. Ya kati hupanda ukiongeza jambo jipya, yaliyokuwepo yakabaki yalivyo. Ya kwanza hupanda pale mtumiaji atakapolazimika kubadilisha msimbo wake ili aendelee. Hiyo ni ahadi, na mashine zinaiamini: mara nyingi programu zinazosimamia vifurushi humpandisha mtu kutoka 2.4.1 hadi 2.4.2, au hata 2.5.0, bila kumuuliza. Ukivunja kitu ndani ya 2.4.2, umewavunjia watu programu wakiwa usingizini.

Toleo linaloanza na sifuri, kwa mfano 0.7.0, halina ahadi hiyo, na wapo wanaojificha humo miaka nenda miaka rudi. Kama watu wameanza kuitegemea maktaba yako kwa kazi za kweli, toa 1.0.0 na ubebe mzigo. (Donald Knuth, mwanasayansi wa kompyuta, ana mtindo wake: kila anaporekebisha TeX, programu yake ya kupanga maandishi ya kuchapwa, nambari ya toleo huongezewa tarakimu moja ya pai, na mwaka 2021 ilifika 3.141592653. Usimwige mpaka uwe Knuth.)

Nilirekebisha kitu kidogo tu. Mbona wanasema nimewaharibia?

Kwa sababu mtumiaji hategemei ulichokiandika kwenye maelezo, anategemea kile anachokiona maktaba ikifanya. Mhandisi Hyrum Wright aliliweka hili katika kanuni ambayo sasa inaitwa sheria ya Hyrum: watumiaji wakishakuwa wengi vya kutosha, kila tabia ya mfumo inayoweza kuonekana, hata ile usiyoiahidi, itakuwa na mtu anayeitegemea.

Yaliyonikuta ni haya. Maktaba yangu ikipewa tarehe isiyokuwepo, mathalani 2019-02-30, ilikuwa inatoa ujumbe mfupi: "Tarehe si sahihi". Nikaona haumsaidii mtu, nikauboresha: "Tarehe si sahihi: Februari 2019 ina siku 28". Nikaupachika kwenye toleo dogo la marekebisho, nikaenda kulala nikijipongeza. Asubuhi nikakuta barua tatu. Mmoja wa walioandika alikuwa na mistari hii kwenye programu yake:

    if kosa.ujumbe == "Tarehe si sahihi":
        omba_tarehe_upya()

Maneno yalipobadilika, sharti halikutimia tena. Wateja wake, badala ya kuombwa tarehe upya, wakawa wanatazama skrini nyeupe.

Ni rahisi kusema kosa ni lake, na mimi nilianza kulisema hivyo, nikaufuta ujumbe kabla sijautuma. Angefanya nini? Sikuwa nimempa njia nyingine yoyote ya kutofautisha kosa la tarehe na kosa la saa. Kusoma maneno ya ujumbe ndiyo njia pekee niliyomwachia. Siku hiyohiyo nikarudisha ujumbe wa zamani, nikaongeza aina ya kosa yenye jina lake, KosaLaTarehe, nikaandika kwenye maelezo kwamba jina hilo halitabadilika bali maneno ya ujumbe yanaweza kubadilika wakati wowote. Maneno yenyewe niliyabadilisha kwenye toleo kubwa lililofuata. Hakuna aliyeandika.

Lugha kubwa za programu nazo zimekumbana na jambo hili, zikalitatua kwa njia zinazopingana. Go, tangu toleo lake la 1 mwaka 2012, hupitia vipengele vya kamusi (orodha ambayo kila jina lina thamani yake) kwa mpangilio usiotabirika, kwa makusudi, ili mtu asizoee mpangilio ambao hakuahidiwa. Python ilielekea upande wa pili: katika 3.6 kamusi zake zilianza kutunza mpangilio wa kuingizwa kwa sababu tu ya namna zilivyojengwa kwa ndani, na 3.7 ya mwaka 2018 ikaufanya kuwa ahadi ya lugha yenyewe. Njia zote mbili zina akili. Ama vuruga mapema ili mtu asizoee, ama kubali kwamba wameshazoea na uiandike.

Nataka kuondoa kitendakazi (amri yenye jina ambayo watumiaji huiita) cha zamani. Nifanyeje?

Kistaafishe kwanza, usikizike kikiwa hai. Kwa matoleo kadhaa ya kati kiendelee kufanya kazi huku kikitoa onyo, na onyo liseme mambo mawili: kitumike nini badala yake, na kitaondoka toleo lipi. "soma() itaondolewa katika 3.0.0, tumia soma_tarehe()" inatosha kabisa. "Njia hii imepitwa na wakati" ni kumwachia mtu kitendawili.

Tena usirundike mabadiliko yote kwenye toleo moja. Python 3.0 ilitoka Desemba 2008 ikiwa na mambo mengi yasiyopatana na Python 2, na watu walihama kwa mwendo wa kinyonga hadi mwisho wa Python 2, uliokuwa umepangwa 2015, ukasogezwa hadi Januari 1, 2020. Miaka 11. Python iliweza kustahimili hayo kwa sababu ni Python. Maktaba yangu na yako mtu ataiacha, atafute nyingine.

Mtu ameandika "haifanyi kazi", basi. Nimjibu nini?

Chochote isipokuwa "kwangu inafanya kazi", hata kama ni kweli. Ujumbe mmoja ulinifikia hivi: "Habari. Maktaba yako haifanyi kazi tangu jana na nina haraka." Nikamjibu: "Habari, na pole kwa usumbufu. Naomba vitu vinne: toleo la maktaba, toleo la lugha pamoja na mfumo endeshi, msimbo mfupi kabisa unaoonyesha tatizo, na ujumbe wa kosa wote tangu mstari wa kwanza. Tafadhali ubandike kama maandishi, si picha ya skrini."

Kati ya vinne hivyo, cha tatu ndicho chenye kazi. Kwanza alinitumia faili la mistari mia nne lenye majina ya majedwali ya kampuni yake, nikamwomba aendelee kupunguza: ondoa kitu kimoja, endesha, tatizo likiwepo bado ondoa kingine. Alirudi na hii:

    from tarehe import soma_tarehe
    print(soma_tarehe("03/04/2021"))

Jana ilikuwa ikimpa Aprili 3. Leo inampa Machi 4. Ujumbe wa kosa haukuwepo kabisa, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi: programu ilikuwa inaendelea kimya kimya na tarehe zisizo zenyewe. Nikamuuliza kama kuna kitu kimebadilika, akasema hapana, halafu baada ya saa moja akakumbuka kwamba wamehamia seva mpya. Maktaba yangu ilikuwa inaangalia mipangilio ya mashine ili kuamua kipi kinatangulia, siku au mwezi. Seva ya kwanza ilitanguliza siku, ya pili mwezi.

Hitilafu ilikuwa yangu. Maktaba haipaswi kubahatisha jambo ambalo mtumiaji anaweza kulitamka. Tangu hapo ukiipa tarehe yenye mikwaju bila kutaja mpangilio, inagoma na kukuelekeza utaje mpangilio au uandike kwa mtindo wa ISO 8601, yaani 2021-04-03, ambao hauna utata. "Haifanyi kazi" ile niliyoidharau niliposoma mara ya kwanza ndiyo ripoti iliyonifaa kuliko zote mwaka ule.

Swali lilelile linarudi kila wiki. Naruhusiwa kuchoka?

Unaruhusiwa. Mara ya kwanza jibu. Mara ya pili jibu, kisha lihamishie jibu kwenye maelezo ya matumizi, mahali ambapo muulizaji alitarajia kulikuta, si mahali ulipodhani wewe. Likirudi tena baada ya hapo, shuku jina la kitendakazi kabla hujashuku macho ya wasomaji.

Nina wajibu wa kujibu haraka?

Kisheria, karibu kila leseni ya programu huria inasema kazi imetolewa kama ilivyo, bila dhamana. Hilo linakulinda mahakamani, halimsaidii anayesubiri. Kinachomsaidia ni kujua mwendo wako. Andika waziwazi: "Ninasoma ripoti mara moja kwa wiki, matundu ya usalama nayashughulikia kabla ya mengine yote." Watengenezaji wa SQLite, programu ya hifadhidata, wametangaza nia ya kuitunza hadi mwaka 2050. Wewe sema hata miezi sita, mradi umesema.

Mtu amegundua tundu la usalama. Nilitangaze?

Bado. Kwanza hakikisha kwamba anayeligundua ana mahali pa kukuambia faraghani. Weka anwani ya barua hiyo mahali panapoonekana leo, kabla hujaihitaji, maana asiyeiona ataandika hadharani na waovu watasoma pamoja nawe. Thibitisha tundu, andaa kiraka, kubalianeni siku ya kutangaza, kisha toa toleo na tangazo kwa pamoja.

Mambo hayaendi sawasawa kila mara. Tundu la Log4j lililopewa jina Log4Shell liliripotiwa kwa watunzaji faraghani Novemba 24, 2021, lakini Desemba 9 lilikuwa limeshasambaa hadharani. Liliwekwa kwenye kipimo cha juu kabisa cha ukali, 10 kati ya 10. Chanzo chake hakikuwa mstari uliokosewa herufi, kilikuwa ni huduma ya ziada: maktaba ya kuandika kumbukumbu za programu ilikuwa inasoma maandishi inayopewa, na ikikuta maelekezo ya namna fulani ndani yake, inakwenda kuyatekeleza hata kwa kuchota msimbo kutoka mashine ya mbali. Kiraka cha kwanza, 2.15.0, hakikutosha. Zikafuata 2.16.0 na 2.17.0 ndani ya mwezi uleule, na waliokuwa wakikesha kuyatoa walikuwa watu wa kujitolea.

Kwa hiyo nikiombwa kuongeza "kahuduma kadogo tu" ninakumbuka Desemba ile, na mara nyingi ninakataa.

Vipi maktaba yangu nayo kutegemea maktaba nyingine?

Kila unachokitegemea, watumiaji wako nao wanakitegemea, pamoja na hasira za mwenye nacho. Machi 22, 2016, mwandishi mmoja aliyekuwa na mgogoro juu ya jina la kifurushi kingine aliondoa kazi zake zote, zaidi ya vifurushi 250, kutoka npm, ghala la vifurushi vya JavaScript. Miongoni mwao kilikuwemo left-pad, chenye mistari 11, ambacho kazi yake ni kujaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Miradi mingi mikubwa ilikuwa inakitegemea, mingine bila hata kujua kwa sababu kiliingia kupitia kifurushi cha ndani ya kifurushi. Ujenzi wa programu ukakwama huku na kule mpaka npm ilipokirudisha.

Kipimo changu: kama naweza kukiandika na kukijaribu mchana mmoja, nakiandika. Isipokuwa usimbaji fiche, yaani kuficha data ili asiyeruhusiwa asiisome. Huo usijiandikie, hata ukiwa na mchana mia.

Nimetoa toleo bovu. Nilifute?

Usifute. Kuna waliokwisha kulifunga kwenye faili za mradi wao, yaani kutaja kwamba wanataka nambari hiyo tu, na kulifuta ni kuwakatia daraja wakiwa katikati. Toa haraka lingine lenye nambari ya juu zaidi. Maghala ya vifurushi kama PyPI na crates.io yanakuruhusu pia kuliwekea alama toleo bovu ili miradi mipya isilichukue huku iliyolifunga ikiendelea kulipata. Na kamwe usibadilishe yaliyomo ndani ya nambari iliyokwisha kutoka.

Mtu ameniletea msimbo mwingi mzuri ambao sikuuomba. Nikikataa si nitakuwa sina shukrani?

Mshukuru, na ukatae. Yeye ataandika siku mbili, wewe utautunza miaka. SQLite, mojawapo ya programu zilizosambaa zaidi duniani, msimbo wake hauna hakimiliki na kila mtu anaruhusiwa kuutumia apendavyo, lakini hawapokei michango ya msimbo kutoka nje kiholela. Weka kwenye maelezo yako sentensi moja inayowaomba watu wajadiliane nawe kabla ya kuandika jambo kubwa. Itawaokoa nyote wawili na aibu.

Nimechoka kabisa. Kuna mtu amejitolea kuipokea. Nimpe?

Hapa ndipo ninapoomba mtu aende polepole, hata kama ni mwezi wa mwisho wa uvumilivu wake.

Mwaka 2018 mtunzaji wa event-stream, maktaba ya JavaScript ambayo yeye mwenyewe hakuitumia tena, aliikabidhi kwa mtu aliyemwandikia akiomba kuitunza. Mpokeaji akaongeza kitegemezi kipya, na ndani yake ukaingizwa msimbo uliolenga kuiba sarafu za kidijitali kutoka pochi moja mahususi. Mtunzaji wa awali hakufanya hila yoyote, aliombwa akatoa.

Kisa cha xz, zana ya kubana mafaili, ni kirefu zaidi na kinatisha zaidi. Mtu aliyejiita Jia Tan alichangia kwa uvumilivu kwa zaidi ya miaka miwili. Wakati huohuo majina mengine yakawa yanamsonga mtunzaji wa awali, yakimlaumu kwamba anachelewa na anapaswa kuongeza mtunzaji mwingine. Akamwongeza. Mwaka 2024 matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka yakiwa na mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia mashine. Uligunduliwa mwishoni mwa Machi na Andres Freund, mhandisi aliyeshangaa kwa nini kuingia kwenye mashine kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde!

Kwa hiyo mchukue mtu aliyekwisha kuchangia muda mrefu na ambaye kazi yake mnaifahamu ninyi wengi, si wewe peke yako. Mpe kwanza ruhusa ya kupitia msimbo, kutoa matoleo aje apewe baadaye, tena kwa idhini ya watu wawili kama inawezekana. Anayekuharakisha ni sababu ya kusubiri. Lakini niseme na hili: visa vyote viwili vilipitia kwenye uchovu wa mtu mmoja aliyekuwa peke yake. Ukitafuta msaidizi ungali na nguvu, utaweza kuchagua.

Na kama hakuna wa kumpa? Naweza kuifunga tu?

Unaweza. Toa toleo la mwisho lililo safi, iache hifadhi ya msimbo isomeke bila kupokea mabadiliko, na usilifute wala kuliachia jina la kifurushi, mtu mwingine asije akalichukua na kuwatumia watu wako anachotaka. Kisha juu kabisa ya maelezo, kabla ya namna ya kusakinisha, andika kitu kama hiki:

"Maktaba hii haitunzwi tena. Toleo la mwisho ni 4.2.3. Tatizo linalojulikana: haisomi sekunde ruka. Ripoti mpya hazitasomwa, zikiwemo za usalama, kwa hiyo usiitumie kwenye mradi mpya. Ukitaka kunakili msimbo na kuendelea nao kwa jina lingine, leseni inakuruhusu, wala huhitaji kuniandikia."